Je, mazoezi ya macho yatamsaidia mjukuu wangu kusoma?

Swali: Mimi ni mstaafu wa jeshi, naishi Tororo, na ninamlea mjukuu wangu wa kike mwenye umri wa miaka 10, aliye darasa la tano. Hadi darasa la tatu alikuwa anafanya vizuri. Tangu mwaka jana anaruka mistari akisoma, anasugua macho, jioni analalamika kuwa kichwa kinamuuma, na walimu wanasema ni mvivu. Shuleni walimpima kwa chati ya herufi wakasema anaona vizuri kabisa. Sasa kliniki moja ya Kampala imeniambia kwamba anahitaji mazoezi ya macho, vipindi 40 kwa shilingi 60,000 kila kimoja, na kwamba akimaliza alama zake darasani zitapanda. Hizo ni shilingi 2,400,000, nami itanilazimu kuuza ng'ombe wawili. Je, mazoezi haya ni tiba ya kweli au naibiwa?

Jibu:

Mzee wangu, nakusalimu kwa heshima. Usiuze ng'ombe bado. Mazoezi ya macho ni tiba ya kweli kwa matatizo machache yanayojulikana vizuri, na kwa jinsi ulivyoeleza dalili za mjukuu wako, huenda ana mojawapo ya matatizo hayo. Lakini tatizo hilo halithibitishwi kwa kusikiliza dalili peke yake. Linapimwa kwa vipimo vyenye tarakimu, na katika barua yako sijaona tarakimu hata moja uliyopewa na kliniki hiyo. Tena ahadi ya kwamba alama zitapanda haina ushahidi, na nitakueleza ni kwa nini nasema hivyo.

Nianze na ile chati ya shuleni, kwa sababu ndiyo iliyowapoteza walimu. Chati ya herufi, ambayo chanzo chake ni kazi ya daktari Mholanzi Herman Snellen ya mwaka 1862, hupima jambo moja tu: kama jicho lililo mita 6 kutoka ukutani linaweza kutambua herufi ndogo, jicho moja baada ya jingine, kwa muda wa sekunde chache. Ni kipimo kizuri na sitaki kukidharau, kwani ndicho kinachowafichua watoto wasioona ubao. Kusoma kitabu, hata hivyo, ni kazi nyingine kabisa. Kitabu kiko sentimita 30 kutoka usoni, macho mawili yanapaswa kukitazama kwa pamoja, na kazi yenyewe inaendelea kwa nusu saa nzima. Mtoto anaweza kusoma mstari wa mwisho wa chati bila kukosea, kisha akashindwa kusoma ukurasa mmoja wa kitabu bila macho kumchoka.

Wewe uliyekuwa jeshini umewahi kushika darubini ya mirija miwili. Darubini ikianguka na mrija mmoja ukapinda kidogo tu, kila mrija peke yake bado unaonyesha picha safi, lakini ukitazama kwa yote miwili unaona vitu viwili viwili, au unaviona kimoja kwa kujikaza mpaka kichwa kinauma. Macho ya binadamu nayo ni hivyo hivyo. Kila jicho lina misuli sita ya kuligeuza, na ili yote mawili yatue kwenye neno moja lililo karibu, ni lazima yageukie ndani kuelekea pua kwa kiasi kile kile na kwa wakati mmoja, huku lenzi iliyo ndani ya kila jicho ikijibana ili herufi zisififie. Kadiri kitabu kinavyosogezwa karibu, ndivyo kazi hiyo inavyozidi kuwa kubwa. Na watoto wetu wanaosoma usiku kwa mwanga wa tadooba, yaani kibatari, hukisogeza kitabu hadi sentimita 20, wakati mwingine chini ya hapo. Mtoto ambaye macho yake hayamudu kazi hiyo tunasema ana udhaifu wa kukutanisha macho. Haoni giza wala ukungu. Anaona maneno yakitengana, yakicheza au yakipandana, kisha anapoteza mstari, anarudia mstari aliokwisha kuusoma, anasugua macho, na mwishowe anaona afadhali asisome. Aliye mbali humwita mvivu.

Umesema kwamba alifanya vizuri hadi darasa la tatu. Hilo ni jambo muhimu, lakini lina maana mbili, na mtaalamu anayetaja maana moja tu anakunyima nusu ya habari. Maana ya kwanza ni ya macho: vitabu vya darasa la kwanza na la pili vina herufi kubwa na mistari michache, na mtoto husoma kwa dakika tano kisha akapumzika; kuanzia darasa la nne herufi zinapungua ukubwa na kurasa zinajaa, kwa hiyo udhaifu uliokuwa umejificha hujitokeza. Maana ya pili ni ya lugha. Tangu mtaala wa mada ulipoanza kutumika Uganda mwaka 2007, mtoto wa vijijini hufundishwa kwa lugha ya nyumbani katika madarasa matatu ya mwanzo, kisha darasa la nne ndilo daraja la kuvukia kwenda kwenye Kiingereza. Mtoto wa Tororo aliyejifunza kusoma kwa Dhopadhola au Ateso anajikuta katika mwaka mmoja anasoma sayansi kwa lugha asiyoisikia nyumbani. Wapo wengi wanaoanguka hapo wakiwa na macho mazima kabisa.

Kuna mambo manne unayoweza kuyaangalia mwenyewe nyumbani kabla hujalipa nauli ya kwenda popote. Hayatoi hukumu, ila yatakupa fununu, na daktari atakushukuru ukimweleza ulichokiona.

Kwanza, mpe kitabu cha lugha anayoijua vizuri, mchana, kwenye mwanga wa kutosha, kisha utazame saa. Mtoto mwenye shida ya macho kwa kawaida huanza vizuri, halafu baada ya dakika kumi au kumi na tano anaharibikiwa: anasugua macho, anainamisha kichwa upande, anafumba jicho moja, anaanza kuruka mistari. Mtoto ambaye shida yake ni kusoma kwenyewe hukwama tangu neno la kwanza, hata neno hilo ukiliandika peke yake kwa herufi kubwa kwenye kipande cha boksi.

Pili, msomee wewe ukurasa mzima kwa sauti kisha umuulize maswali. Akijibu vizuri alichokisikia lakini asijibu alichokisoma mwenyewe, ujue kwamba uelewa wake uko sawa na kizuizi kipo kwenye njia ya kusoma.

Tatu, akiwa amechoka na mistari imeanza kumpotea, mwambie afunike jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, aendelee kusoma. Akikuambia kwamba sasa maneno yametulia, hiyo ni dalili nzito kwamba macho mawili yanashindwa kufanya kazi pamoja, kwa sababu ukimwondolea jicho moja umemwondolea pia kazi ya kuyakutanisha.

Nne, chukua kalamu, uishike mbele ya uso wake kwa urefu wa mkono, mwambie atazame ncha yake, kisha uisogeze polepole kuelekea katikati ya pua. Akikuambia kalamu zimekuwa mbili, au ukiona jicho moja limeteleza kuelekea nje, simama hapo upime kwa rula kutoka ncha ya kalamu hadi mzizi wa pua. Rudia mara tatu au nne, maana jicho dhaifu huzidi kulegea kila unaporudia. Macho mengi ya watoto hufika sentimita 5 au chini ya hapo kabla kalamu haijawa mbili. Ukipata 6 au zaidi, iandike namba hiyo. Nimewapima watoto ambao kalamu yao iligawanyika ikiwa sentimita 15 kutoka puani, na walikuwa hawajawahi kumwambia mtu yeyote kwamba wanaona vitu viwili. Walidhani kila mtu anaona hivyo.

Baada ya hapo, mpeleke hospitali yenye idara ya macho. Huna haja ya kuanzia Kampala. Tororo kwenu kuna hospitali ya macho ya Wabenedikto, na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mbale si mbali. Matabibu wetu wa macho, ambao wamefundishwa Jinja kwa miaka mingi, wanajua kupima anachohitaji kupimwa kwanza, na wataalamu wa optometria, yaani fani ya kupima macho na miwani, nao wanaongezeka tangu Chuo Kikuu cha Makerere kilipoanzisha shahada ya fani hiyo mwaka 2014. Kitu cha kwanza unachopaswa kukiomba ni kipimo cha miwani kilichofanywa baada ya kuwekewa matone ya kulegeza lenzi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo makosa mengi yanapotokea.

Lenzi ya mtoto ni laini na ina nguvu nyingi za akiba. Mtoto wa miaka 10 kwa kawaida anaweza kuikaza kwa dayopta 12 au zaidi; dayopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi. Kusoma kwa umbali wa sentimita 25 kunahitaji dayopta 4 tu, kwa hiyo mtoto wa kawaida anatumia sehemu ndogo ya nguvu yake. Sasa chukua mtoto ambaye jicho lake ni fupi kidogo kiasi kwamba anahitaji miwani ya dayopta 3 ili atulie. Huyu ataisoma chati ya ukutani bila kosa, kwa sababu anakaza lenzi na kujilipia deni hilo mwenyewe bila kujua. Lakini akifungua kitabu anahitaji 4 za kitabu na 3 za deni lake, jumla 7, na lazima aendelee kuzishikilia kipindi kizima. Kichwa kitamuuma jioni. Matone hulegeza lenzi isiweze kujikaza, na hapo deni hilo huonekana waziwazi. Bila matone, kipimo kinaweza kutoa namba ndogo ya uongo au sifuri kabisa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2016 kuhusu watoto wa miaka 4 na 5 ulionyesha kwamba wale waliokuwa na tatizo hili kwa kiwango cha dayopta 3 hadi 6, bila miwani, walikuwa nyuma ya wenzao katika stadi za awali za kusoma.

Mwenyewe niliwahi kukosea hapo. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii ya kupima macho nilimpa mvulana mmoja mazoezi ya kalamu kwa wiki sita, kwa kuwa macho yake yalikuwa hayakutani vizuri, na kila aliporudi hali ilikuwa ile ile. Mwenzangu aliyenizidi umri aliniuliza kama nimemwekea matone. Sikuwa nimemwekea. Tulipomwekea tukakuta anahitaji miwani ya dayopta 4 na nusu. Alipoivaa mwezi mmoja, sehemu kubwa ya malalamiko iliisha bila zoezi lolote. Tangu siku hiyo simpi mtoto mazoezi kabla sijaona namba za matone.

Miwani ina ushahidi mwingi kuliko tunavyodhani, tena ni rahisi. Huko Baltimore, Marekani, wanafunzi 2,304 wa darasa la tatu hadi la saba walishiriki katika jaribio lililochapishwa mwaka 2021, ambamo waliohitaji miwani walipewa shuleni bila malipo. Baada ya mwaka mmoja, waliotangulia kuipata walikuwa wamepata alama bora zaidi katika kusoma. Baada ya miaka miwili faida hiyo haikuonekana tena, pengine kwa sababu uvaaji ulipungua, nami nawaamini wanaosema hivyo kwa kuwa najua jinsi miwani ya watoto inavyovunjika na kusahaulika chini ya godoro.

Tuseme sasa mjukuu wako amewekewa matone, amepewa miwani kama anaihitaji, ameivaa kwa wiki sita hadi nane, na bado kalamu inagawanyika mbali na pua. Hapo ndipo mazoezi yanapoingia, na hapo nayatetea bila kusita.

Si jambo jipya. Katika karne ya 19 Mfaransa Émile Javal alikuwa akiwafanyisha watu wenye makengeza mazoezi kwa kutumia stereoskopu, kifaa kinachoonyesha kila jicho picha yake, na ni katika maabara yake Paris ilipoonekana kwamba macho ya msomaji hayatelezi juu ya mstari, bali huruka na kutua, kuruka na kutua. Tiba ya leo ina vifaa vingi zaidi: prizimu zinazopotosha picha ili macho yalazimike kukutana zaidi, lenzi za kugeuzwa geuzwa ili lenzi ya ndani ijifunze kukaza na kulegea haraka, picha za rangi mbili zinazotazamwa kwa miwani maalumu, na programu za kompyuta. Lengo ni lile lile, kwamba ubongo ujifunze kuyakutanisha macho kwa wepesi na kuyashikilia pale bila kujitahidi. Misuli yenyewe kwa kawaida ina nguvu ya kutosha. Kinachofundishwa ni mawasiliano, kama kikosi kinachofundishwa gwaride ingawa kila askari tayari anajua kutembea.

Ushahidi mkubwa ulitolewa mwaka 2008 huko Marekani. Watoto 221 wenye udhaifu wa kukutanisha macho, wa umri wa miaka 9 hadi 17, waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi manne kwa wiki 12. Kundi la kwanza lilikwenda kliniki saa moja kila wiki na kufanya mazoezi nyumbani dakika 15 kwa siku, siku tano kwa wiki. La pili lilifanya zoezi la kalamu nyumbani tu. La tatu lilitumia kompyuta na kalamu nyumbani. La nne lilikwenda kliniki kila wiki na kufanyishwa mazoezi ya geresha, yanayofanana na tiba lakini yasiyo na nguvu ya kutibu. Waliopona au kupata nafuu ya wazi walikuwa asilimia 73 katika kundi la kwanza, 43 katika la kalamu, 33 katika la kompyuta, na 35 katika la geresha. Itazame namba hiyo ya mwisho, mzee wangu. Watoto 35 katika kila 100 walipata nafuu kwa kufanyishwa mchezo tu, pengine kwa sababu mtu mzima aliwajali kila wiki na kuwaambia watapona. Ndiyo maana ushuhuda wa mzazi mmoja anayesema mtoto wake alibadilika hauwezi kututosha, hata kama mzazi huyo anasema kweli tupu.

Kwa hiyo mazoezi hutibu macho. Je, hutibu kusoma? Watafiti hao hao walijiuliza swali lako, wakalijibu mwaka 2019. Walichukua watoto 311 wa miaka 9 hadi 14 wenye udhaifu huo huo, wakawapa baadhi yao tiba kamili na wengine geresha kwa wiki 16, kisha wakawapima uelewa wa wanachosoma. Macho ya waliopata tiba yalikuwa na uwezo mkubwa zaidi wa kukutana. Lakini katika uelewa wa kusoma, makundi yote mawili yalipanda karibu sawasawa. Waliofanya utafiti huu ni watu wanaoiamini tiba hii na waliotumia miaka mingi kuithibitisha, na walilichapisha jibu hilo kama lilivyo. Ninaliheshimu sana jambo hilo.

Maana yake si kwamba usimtibu. Mtoto anayesoma bila maumivu ya kichwa ni mtoto aliyetibiwa, hata kama alama zake hazijasogea, kama vile usivyomdai mtu aliyetolewa mwiba mguuni kwamba sasa ashinde mbio. Anaweza kukaa na kitabu muda mrefu zaidi, na huo muda ndio mwalimu anaoweza kuutumia. Lakini kufundishwa kusoma kunabaki kuwa kazi ya kufundishwa kusoma. Madaktari wa watoto na wa macho wa Marekani walitoa tamko la pamoja mwaka 2009 kwamba mazoezi ya macho hayatibu disleksia, ile hali ya ubongo kupata shida ya kuunganisha herufi na sauti zake. Hata vyama vya wataalamu wa optometria vya nchi hiyo hiyo, vinavyoyatetea mazoezi, vilikuwa vimekiri mwaka 1997 kwamba hayaitibu disleksia moja kwa moja. Karatasi na miwani za rangi zinazouzwa kwa ajili ya kusoma nazo hazina ushahidi wa kuaminika. Jicho zembe, ambalo ubongo umezoea kulipuuza, lina tiba yake tofauti ya miwani na kulifunika lile jicho jingine lililo zuri; mwaka 2003 ilionekana kwamba kwa watoto wa chini ya miaka 7 wenye tatizo la kiasi cha wastani, kufunika saa 2 kwa siku kulisaidia sawa na saa 6.

Kuna jambo moja la kwetu ambalo kliniki za macho hulisahau. Je, mjukuu wako aliwahi kuugua malaria kali hadi akapoteza fahamu? Utafiti uliofanywa katika Hospitali ya Mulago na kuchapishwa mwaka 2008 uliwafuatilia watoto waliopona malaria ya ubongo, na baada ya miaka miwili takriban mtoto 1 kati ya 4 alikuwa na upungufu katika kumbukumbu, umakini au uwezo mwingine wa kufikiri. Mweleze daktari pia kama aliwahi kugonga kichwa vibaya, kwa mfano kuanguka kutoka kwenye bodaboda, maana kichwa kikitikiswa, uwezo wa kukutanisha macho ni miongoni mwa vitu vinavyovurugika mapema. Na kama shida ya kuona vitu viwili ilianza ghafla, au kope moja imelegea, au maumivu ya kichwa yanamwamsha alfajiri akitapika, usingoje mazoezi wala miwani; nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Nirudi kwenye kliniki na fedha zako. Waulize, kwa upole lakini bila kuona aibu, ugonjwa wa macho aliokutwa nao unaitwaje; kalamu iligawanyika katika sentimita ngapi; matone yalitumika au hayakutumika; na watapima tena lini. Mtu anayejua kazi yake atafurahi kuulizwa, atakuonyesha karatasi, na atakuambia kwamba baada ya wiki nne hadi sita watalinganisha namba mpya na za zamani na kuacha kama hakuna mabadiliko. Katika majaribio niliyokutajia, tiba kamili ilikuwa vipindi 12 au 16. Kwa bei uliyotajiwa, vipindi 12 ni shilingi 720,000. Anayekuandikia vipindi 40 siku ya kwanza, na kukuahidi alama za darasani, anauza zaidi ya alicho nacho.

Ikithibitika kwamba ana udhaifu huo na Kampala ni mbali, mwombe tabibu wa macho akuelekeze mazoezi ya nyumbani, umrudishe kwake mara moja kwa mwezi apimwe. Namba zinaonyesha kwamba nyumbani peke yake si sawa na kliniki, sikufichi, lakini sehemu ya watoto hupona hivyo, na hakuna anayepoteza ng'ombe. Zoezi la kalamu umeshalijua: andika herufi ndogo kwenye kalamu, aisogeze kuelekea puani, ikigawanyika ajitahidi kuiunganisha, kisha airudishe, dakika 15, siku tano kwa wiki, ukiwa umeketi naye. Mtoto akiachwa peke yake atakuambia amefanya.

Zoezi ninalolipenda zaidi ni la uzi wa shanga. Mimi nimeutengeneza wangu kwa zile shanga za karatasi zinazosokotwa na kina mama wa Kampala. Chukua uzi mweupe wa karibu mita 3, tunga shanga tatu za rangi tofauti, funga ncha moja kwenye kitasa cha mlango, na ncha nyingine aishike puani. Shanga ya kwanza iwe sentimita 30 kutoka kwake, ya pili katikati, ya tatu karibu na mlango. Akiitazama shanga ya katikati na macho yote mawili yakifanya kazi, ataona nyuzi mbili zinazopishana kama herufi X pale pale kwenye shanga. Akiona nyuzi zinapishana mbele au nyuma ya shanga, macho yake hayajatua ilipo shanga. Akiona uzi mmoja tu, ubongo wake umelizima jicho moja, na afumbe na kufumbua macho haraka mpaka uzi wa pili urudi. Baadaye aruke kutoka shanga hadi shanga, akikuelezea anachokiona. Nimemwona msichana wa umri wa mjukuu wako akipiga kelele za furaha siku ile X ilipotulia kwenye shanga ya karibu kwa mara ya kwanza. Ila mtoto mwenye makengeza yanayoonekana wakati wote asifanyishwe zoezi hili bila daktari, kwa kuwa unaweza kumletea hali ya kuona vitu viwili isiyoondoka.

Wakati huo huo, zungumza na mwalimu wake. Amkalishe mbele karibu na dirisha, amruhusu kuweka rula au kipande cha karatasi chini ya mstari, asimwamuru kusoma kwa sauti mbele ya wenzake kwa sasa, na amtafutie dakika ishirini za kusoma naye kwa Kiingereza polepole. Nyumbani, kazi ya shule ifanywe kabla jua halijazama.

Siku ya kwenda hospitali, beba daftari lake la darasa la tatu na la sasa, ili mtaalamu aone mwandiko ulivyobadilika, pamoja na kitabu kile kile kinachomshinda. Mpe kofia ya ukingo mpana, kwa sababu baada ya matone mwanga wa jua utamwumiza na herufi za karibu zitafifia. Hali hiyo kwa kawaida huisha ndani ya siku moja. Kama wametumia atropini, aina ya matone yenye nguvu zaidi, inaweza kuendelea wiki nzima au zaidi, kwa hiyo uliza ni matone gani waliyotumia na umjulishe mwalimu, asije akamwita mvivu tena kwa wiki hiyo.